Krismasi China: niliyoyaona miaka mitano Wuhan

Mkuu umeuliza kama Krismasi na Valentine zimeshaziua sikukuu za asili za Wachina, maana umeona picha za miti ya Krismasi kwenye maduka yao. Nimesoma Wuhan miaka mitano, na jibu langu ni hapana.

Krismasi yangu ya kwanza kule ilinitoa machozi. Desemba 25 si siku ya mapumziko China, kwa hiyo saa mbili asubuhi nilikuwa darasani. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo vijana walijaa mitaani, na binti niliyesoma naye alinipa tufaha moja lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Kwetu mkesha ni kanisani, tufaha linatoka wapi? Akanieleza kuwa mkesha huo wanauita Ping'anye, usiku wa amani, na tufaha ni pingguo. Mwanzo wa maneno hayo unatamkwa sawa, basi ukimpa mtu tufaha umemtakia amani. Desturi hiyo wameianzisha wenyewe.

Ulipofika Mwaka Mpya wao, kijana niliyekaa naye chumba kimoja akanichukua kwao, kijijini mkoani Hubei. Hosteli ilibaki tupu, na kwenye treni watu walisimama mpaka mlangoni mwa choo. Usiku wa mkesha bibi yake alileta supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi, kisha samaki mzima. Nilipotaka kummaliza samaki, bibi akanishika mkono: lazima abaki. Samaki ni yu, na ziada nayo hutamkwa yu. Akibaki, nyumba haitapungukiwa mwaka mzima.

Pale nikalikumbuka lile tufaha. Ni akili ileile ya kutafuta baraka ndani ya sauti ya neno! Krismasi imepokelewa kama mgeni anavyopokelewa, ikafundishwa lugha ya wenyeji. Ni siku ya marafiki na wapenzi, na wenye maduka wanaipenda. Lakini haimrudishi mtu kwa mama yake.

Palipobadilika kweli ni Qixi, siku ya saba ya mwezi wa saba wa kalenda yao, yenye hadithi ya mchunga ng'ombe na mfumaji wanaokutana mara moja kwa mwaka juu ya daraja linaloundwa na kundi la ndege wa angani. Zamani wasichana waliomba siku hiyo wapewe ustadi wa kushona. Sasa ni maua na chokoleti, kama Valentine.

Serikali nayo, tangu 2008, imezifanya Qingming ya kusafisha makaburi, Duanwu (sikukuu ya mashua za joka) na Sikukuu ya Katikati ya Vuli kuwa siku za mapumziko. Mapumziko hayo yamesaidia, ila kinachoniuma ni umbali. Bibi yule hufunga zongzi za Duanwu kwa mkono, wali wa kunata ndani ya majani, huku mjukuu akizinunua mtandaoni kwa sababu yuko mjini. Mwaka wangu wa mwisho tulimpigia bibi simu ya video, akatuelekeza kukunja jani polepole, akirudia kila mara tulipokosea. Tulifunga sita. Alitaka tumwonyeshe moja moja.