Re: Jukwaa kuu la zamani tulivunje au tuliache?

Habari mkuu. Umesema wazee hawataki jukwaa la watazamaji la uwanja wenu liguswe, vijana wanataka uwanja wa kisasa. Kwanza iteni fundi apime zege na nondo. Kamati yetu ilibishana miezi mitatu, kumbe nguzo zimeshaoza ndani. Ukigusa, zege linamomonyokea kiganjani.

Jukwaa lenu likiwa zima, tazameni Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal. Walipohama 2006, jukwaa la mashariki la 1936 lilikuwa linalindwa kisheria. Sura yake ya mbele ikabaki, ndani zikajengwa nyumba za kuishi, penye nyasi pakawa bustani. Wembley, uwanja wa taifa wa England, je? Minara yake pacha ilibomolewa 2003, ikaisha hivyo.

Vyoo na taa msibishanie, wekeni vipya tu. Hakuna mzee atakayelilia choo.