Kikao cha usuluhishi chenye lugha tatu

Kujua lugha nyingi au kuwa na lugha moja, lolote kati ya hayo peke yake halileti amani. Mwaka 1994 Wanyarwanda walikuwa na Kinyarwanda kimoja, Wahutu kwa Watutsi. Wasomali nao, licha ya lugha moja na dini moja, walipigana. Suluhu inataka kila aliyeketi asikie yote yanayosemwa, na vikao vingi vya mitaani Mombasa huvunjikia hapo.

Chukua ugomvi wetu wa kila siku, nyumba bila ardhi: nyumba ni ya mtu mmoja, ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine anayelipwa kodi. Mwenye ardhi ni mzee wa Kidigo huko Likoni, mwenye nyumba ni Mkamba. Wote wanajua Kiswahili, kwa hiyo mwenyekiti haoni haja ya mkalimani. Mwanzo mambo huwa shwari. Kodi ya ardhi ikitajwa tu, mzee anamgeukia mwanawe kwa Kidigo, upande wa pili nao wananong'onezana Kikamba. Kidigo ndicho chenye hatari zaidi, maana kiko karibu na Kiswahili: msikilizaji hudaka neno hapa na pale, pengo analijaza kwa shuku zake.

Basi kabla ya siku ya kikao, kaa na kila upande faragha uulize: mkikasirika mnasema lugha gani? Mkalimani wa lugha hiyo ndiye wa kutafutwa. Wawe wawili, kila mmoja akubaliwe na pande zote, wasiwe na undugu wala deni kwenye shauri lile. Vyeti si hoja. Anayefaa ni yule atakayeketi mbele ya mzee na kuyarudia maneno yake makali bila kuyapunguza. Wengi huyalainisha kwa nia njema. Aliyetukanwa huwa ameshalielewa tusi, na akiona limefichwa, hamwamini tena mkalimani wala mwenyekiti. Afadhali litafsiriwe lilivyo, kisha mwenyekiti aulize, "Mzee, ndivyo ulivyokusudia?" Ampe nafasi ya kulirudisha mwenyewe.

Msemaji atue kila baada ya sentensi mbili au tatu. Mazungumzo ya saa moja yatakula saa mbili, kwa hiyo msianze swala ikikaribia.

Minong'ono usiikataze, utashindwa. Toa dakika 5 wakatete nje, wakirudi waseme wameafikiana nini.

Makubaliano yaandikwe Kiswahili, ukurasa mmoja: kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya malipo, nani anapokea. Yasomwe kwa kila lugha, halafu mzee aeleze kwa Kidigo alichokubali na mkalimani wa Kidigo akirejeshe kwa Kiswahili. Ikiwa mmoja alielewa "atalipa mwezi huu" na mwingine "ataanza kulipa mwezi huu", itajulikana hapo, kabla ya sahihi.

Sauti za WhatsApp zinazochochea kabila fulani lifukuzwe mtaani usizilete barazani. Matamshi ya chuki ni kosa chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, yawe kwa lugha yoyote. Hizo zipelekwe polisi.