Waulize wazee mahali, mwaka utaupata vitabuni

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: anayetafuta asili ya ukoo aanzie wapi, kwa wazee au kwenye nyaraka? Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa Ayalandi, kaunti ya Mayo, magharibi kabisa ya nchi. Ukoo nilioutafuta ni wa mume wangu, kwa ajili ya watoto wetu. Upande wa Tanga wanaujua, kwa sababu bibi yao aliwatajia majina mpaka yakawakaa. Upande wa baba yao walikuwa na jina tu, Walsh. Jibu langu ni kwamba aanzie kwa wazee, lakini awaulize mahali kabla hajawauliza mwaka.

Ayalandi ni nchi iliyopoteza maandishi yake kwa namna inayouma. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, majengo ya Four Courts mjini Dublin yalipigwa mizinga, na tarehe 30 ya mwezi huo ofisi ya kumbukumbu za serikali iliyokuwa humo ililipuka na kuteketea. Karibu kila kitu cha sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 kiliishia hapo, pamoja na wosia na vitabu vingi vya Kanisa la Kianglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo maana mtafutaji wa leo anakuta sensa mbili tu zilizo kamili kabla ya nchi kujitawala, ya 1901 na ya 1911. Zote mbili Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeziweka mtandaoni bure. Ukirudi nyuma zaidi unaingia kwenye karne ya Njaa Kuu, ile ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwavusha bahari wengine zaidi ya milioni moja.

Kilichosalia kwa kipindi hicho kimepangwa kwa mahali. Kuna orodha ya kodi ya ardhi iitwayo Griffith's Valuation, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inayotaja aliyeshika shamba, aliyelimiliki, na kitongoji lilipo. Kuna vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za Kikatoliki, ambavyo Maktaba ya Taifa ilivifungua kwa wote mwaka 2015. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo vya watu wote ulianza 1864 tu. Na vitongoji vyenyewe, yaani vipande vya ardhi vyenye majina yake, vingine vikiwa na nyumba tano au sita, ni zaidi ya 60,000 kisiwani kote. Ukija na jina la John Walsh wa Mayo bila kitongoji, utakutana na akina John Walsh hadi macho yachoke, na hakuna mmoja atakayekuambia kama ni wako.

Wenyewe walilijua hilo zamani. Gazeti la Boston Pilot la Marekani lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya wahamiaji waliokuwa wakitafuta ndugu zao: mke anamtafuta mume aliyetangulia, kaka anamtafuta dada. Mengi yanataja kaunti na parokia, na mengine hadi kitongoji. Mtu aliyepoteza kila kitu alijua kwamba cha kumtambulisha ndugu yake mbele ya wageni ni pale alipotoka. Nimeyasoma mengi, na sijaona maandishi ya uhamiaji yanayonigusa kuliko hayo.

Sasa nije kwa Shangazi. Ni dada wa marehemu baba mkwe wangu, amevuka miaka 90, na macho yake si mazuri. Ukimuuliza tarehe anachoka haraka. Nilimwomba anisimulie nyumba ya babu yake, na hapo alifunguka. Alitaja kitongoji. Alieleza njia ya kwenda kwenye kinamasi walikochimba udongo mweusi wa kuwashia moto, akasema nyumba ilikuwa juu ya njia na zizi chini yake. Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba akina Walsh walikuwa wengi pale, kwa hiyo wao waliitwa "wa Martin". Martin alikuwa nani? Hajui. Martin huyo hakumkuta.

Tulipofungua orodha ya Griffith kwenye kitongoji hicho tulikuta Patrick Walsh wawili. Wapimaji wa Griffith walipokutana na watu wa jina moja mahali pamoja waliwatenganisha kwa kuandika kwenye mabano jina la baba, au kazi, au hata rangi ya nywele. Patrick mmoja ameandikiwa Martin. Mtu ambaye huenda alizaliwa karne ya 18, asiye na cheti, asiye na kaburi lenye jina, alibaki katika lakabu ya jirani na jirani mpaka kwa mwanamke wa karne ya 21 anayekunywa chai jikoni kwake. Bila lakabu ile tungemchagua Patrick kwa kubahatisha. Majina ya watoto nayo yakatuunga mkono, maana desturi ya zamani hapa ni mtoto wa kiume wa kwanza kupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Wasomaji wa Kikuyu hawatahitaji kuelezwa zaidi. Katika ukoo huu Patrick na Martin wanapokezana kizazi hadi kizazi.

Kuhusu umri, nawasihi wasomaji wasiwaone wazee kuwa waongo. Katika sensa ya 1901 mwana wa Patrick huyo ana miaka 56. Katika ile ya 1911 ana 71. Watafiti wengi wameona mrukio wa aina hii nchi nzima, na sababu inajulikana: sheria ya pensheni ya 1908 ilianza kuwalipa wazee Januari 1909, hadi shilingi 5 kwa wiki, kwa aliyefikisha miaka 70. Kwa maskini wa Mayo hiyo ilikuwa fedha ya kubadili maisha. Lakini aliyekuwa na miaka 70 mwaka 1909 alizaliwa robo karne kabla ya vizazi vyote kuanza kuandikishwa, basi angetoa cheti gani? Wengi walitoa kumbukumbu. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 kimbunga kiliezua mapaa Ayalandi nzima, kikaitwa Upepo Mkubwa, na aliyeukumbuka alihesabiwa kuwa ametimiza umri. Bibi yangu wa Tanga alihesabiwa miaka kwa vita vya Mjerumani, kwa hiyo nilielewa mara moja.

Njia nyingine ilikuwa kuomba ofisi ya Dublin imtafute mwombaji, akiwa mtoto, ndani ya sensa ya 1841 au 1851. Alitakiwa kutaja wazazi wake na kitongoji walichokaa. Fomu hizo zimehifadhiwa hadi leo. Sensa yenyewe iliungua 1922, lakini yale yaliyonakiliwa kutoka humo kwa ajili ya wazee wenye shida ya shilingi 5 hayakuungua. Nalisema hili kwa kila anayenisikiliza, kwa sababu linanifurahisha mno: vipande vya sensa ile tulivyo navyo, sehemu yake tunadaiwa na wazee waliosimama mbele ya karani wakasema "mimi ni mtoto wa fulani wa mahali fulani." Fomu ya mzee wetu, yule mwana wa Patrick, ipo. Mwaka 1841 ameandikwa mtoto wa mwaka mmoja, kwenye kitongoji kilekile alichokitaja Shangazi. Hakudanganya mtu. Ile 56 ya mwaka 1901 ndiyo iliyokuwa ya kukisia. Na Shangazi alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba mzee huyo alizaliwa "mwaka uliofuata Upepo".

Sensa ya 1911 ina swali jingine, la mwanamke aliyeolewa: watoto wake wangapi walizaliwa wakiwa hai, na wangapi wangali hai. Bibi yake Shangazi ameandikiwa 9 na 6. Katika familia wanatajwa sita. Wawili tuliwapata kwenye vitabu vya vifo vya serikali, ambavyo picha zake zinaonekana bure mtandaoni kwa vifo vilivyopita miaka 50. Wote wawili walikufa kwa kifaduro majira ya baridi yaleyale. Wa tatu hayumo popote, si kwenye ubatizo, si kwenye vizazi, si kwenye vifo.

Sikutaka kumsukuma Shangazi. Nilimsomea tu namba zile mbili, nikanyamaza. Akasema, "Huyo mmoja yuko cillín." Cillín ni kiwanja cha pembeni, mara nyingi ndani ya boma la kale la udongo au ukingoni mwa shamba, walikozikwa watoto waliokufa kabla ya ubatizo kwa sababu hawakuruhusiwa kulala kwenye ardhi ya kanisa iliyobarikiwa. Kaunti za magharibi zina vingi, na desturi hiyo iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Hawakuwekewa majina, ni mawe madogo tu. Nyaraka zilituambia kwamba mtoto alikuwepo. Mahali alipo tuliambiwa na mtu mmoja tu, na lau tungechelewa miaka michache asingekuwepo wa kutuambia. Watoto wetu wamepelekwa pale. Wanajua wana mdogo wa babu mkuu ambaye hakupata jina.

Je, masimulizi hayakosei? Yanakosea, na mfano maarufu ni wa Annie Moore wa Cork, mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alikwenda Texas na kufa kwa ajali 1923, na jamaa wa Annie wa Texas waliamini hivyo kwa moyo safi. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alionyesha kwa nyaraka kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois. Annie wa Cork hakuwahi kuondoka New York. Aliolewa pale, akazaa, akafa 1924, na kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 2008. Kwa hiyo mimi siwaambii watu waamini kila wanachoambiwa. Nawaambia wakichukue kama anwani ya kwenda kugonga hodi.

Smolenyak huyohuyo alitangaza 2007 asili ya Barack Obama upande huu: babu wa babu wa mama yake, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyehamia Marekani 1850. Padri wa Kianglikana wa eneo hilo, Stephen Neill, ndiye aliyeukuta ukoo huo kwenye vitabu vya kanisa vilivyobaki hapo hapo bila kufika kwenye moto wa Dublin. Obama alizuru Moneygall Mei 2011. Upande wa baba yake haukutafutwa vitabuni. Kogelo, Kenya, kulikuwa na bibi yake Obama, Mama Sarah, aliyefariki 2021, wa kuuliza. Wasomaji wenu wengi wana akina Mama Sarah wao na hawajakaa nao hata jioni moja na simu ya kurekodia.

Mkikaa nao, msianze na orodha ya majina. Ombeni njia ya kisimani, jirani wa juu na wa chini, lakabu, nani alimsimamia nani ubatizo au ndoa. Kati ya 1937 na 1939 tume ya masimulizi ya hapa iliwatuma watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 wakawaulize wazee wa nyumbani kwao mambo kama hayo, na madaftari yao leo ni hazina ninayoifungua kila mara ninapokwama. Watoto wa miaka 11 waliweza.

Kwetu limebaki swali moja. Sensa ya kwanza ya nchi huru ilifanywa 18 Aprili 1926 na sheria iliifunga miaka 100. Dada mkubwa wa baba yake Shangazi alikwenda Boston na barua zikakatika. Shangazi anashikilia kwamba aliondoka baada ya mavuno ya viazi ya mwaka huo. Mume wangu aliambiwa na baba yake kwamba ilikuwa 1924. Nyumba ni ileile na kitongoji tunakijua, kwa hiyo ni ukurasa mmoja tu wa kusoma, na Shangazi ameshasema asomewe yeye kwanza.