Kuperuzi bila kugusa kipanya: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yote ni ya kibodi na kivinjari. Nisipotaja jina la kivinjari, jibu linafaa kwa Chrome, Edge na Firefox kwenye Windows.

Nina steshenari, kutwa nzima najazia wateja fomu za maombi mtandaoni. Ikifika jioni kiganja kinauma kwa sababu ya kipanya. Nianzie wapi? (Tabora)

Pole na kazi. Anzia kwenye kitufe cha Tab. Ukishaandika jina la kwanza la mteja, bonyeza Tab uhamie kisanduku kinachofuata. Ukipitiliza, Shift+Tab inakurudisha. Kisanduku cha tiki kiweke alama kwa kitufe kirefu cha nafasi, na vile viduara vya "Me/Ke" chagua kwa mishale.

Panapookoa muda zaidi ni kwenye orodha ya mikoa. Wengi huifungua kisha wakashuka na kipanya kutoka Arusha. Fika kwenye orodha kwa Tab, halafu andika haraka "tab": itatua Tabora. Ukiandika "tan", inatua Tanga. Fomu chache zimetengenezwa kwa mbwembwe na orodha zake hazitii, na hapo huna budi kushika kipanya. Ila angalia Enter: ukiibonyeza katikati ya fomu, mara nyingi fomu inatumwa kabla hujamaliza. Mteja akishalipia ada, huo si mzaha.

Nimefunga kichupo kwa bahati mbaya. Lazima nitafute upya? (Kisumu)

Hapana. Ctrl+Shift+T. Ukiirudia, vichupo vinarudi kimoja kimoja, ukianza na ulichofunga mwisho. Haisaidii kwenye hali fiche (Incognito) ya Chrome, na maneno uliyokuwa umeyajaza kwenye ukurasa usiyategemee.

Zamani Backspace ilinirudisha ukurasa wa nyuma. Siku hizi haifanyi kitu. Kibodi imekufa? (Mwanza)

Kibodi ni nzima. Google waliiondolea Backspace kazi hiyo kwenye Chrome mwaka 2016, na Firefox ikafuata 2021. Sababu yao ina mashiko: mtu alidhani anafuta herufi ndani ya kisanduku, kumbe kishale hakimo humo, ukurasa ukarudi nyuma na kila alichoandika kikapotea. Walionuna walikuwa wengi, lakini mimi niko upande wa waliofuta. Tumia Alt na mshale wa kushoto kurudi, Alt na mshale wa kulia kwenda mbele. Kwenye Mac ni Command na mabano mraba, [ na ].

Nikibonyeza F5 kila mara nikisubiri matokeo yatoke, namaliza bando? (Mwanafunzi, Morogoro)

Unalipunguza, ila si sana kama unavyohofia. F5, ambayo ni sawa na Ctrl+R, huiuliza tovuti kama kuna jipya, na picha nyingi huchotwa kwenye akiba iliyomo tayari ndani ya kompyuta yako. Mla bando ni Ctrl+F5 au Ctrl+Shift+R: hiyo inaipuuza akiba na kupakua kila kitu upya. Iache kwa siku ambayo ukurasa umeng'ang'ania habari za jana.

Na ukurasa ukiwa mzito, maandishi yakishatokea bonyeza Esc. Upakuaji unakatika hapo hapo, unasoma ulichopata. Ikiwa F5 kwenye laptopu yako inabadilisha mwanga au sauti, ishike pamoja na Fn.

Vichupo vyangu ni vingi mpaka majina hayaonekani. Nifanyeje? (Nairobi)

Funga vingine! Usipotaka, Ctrl+1 hadi Ctrl+8 hukupeleka kwenye kichupo cha namba hiyo kuanzia kushoto, na Ctrl+9 hukupeleka cha mwisho kabisa, hata viwe arobaini. Kwenye Chrome, Ctrl+Shift+A hufungua kisanduku cha kutafuta kichupo kwa jina. Kwenye Firefox bonyeza Ctrl+L ufike upau wa anwani, andika alama ya %, acha nafasi, kisha andika neno unalolikumbuka. Hiyo Ctrl+L ndiyo ninayoipenda kuliko zote: popote ulipo, unaanza kuandika anwani mpya bila kufuta ya zamani.

Mdogo wangu haoni. Anaweza kuperuzi mwenyewe? (Tanga)

Anaweza, na akizoea atakuacha mbali. Mpakulie NVDA, programu ya bure ya Windows inayosoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Sauti ya Kiswahili inakuja nayo, ingawa ina lafudhi ya mashine. Akishafungua ukurasa, H humrusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine, K humpeleka kiungo kinachofuata, na Insert+F7 humkusanyia viungo vyote kwenye orodha moja. Asubuhi anaweza kupitia vichwa vya gazeti zima kwa herufi moja. Mwanzoni kitakachomchanganya ni visanduku vya kuandikia: akiwa ndani yake, H ni herufi tu kama nyingine. Abonyeze Esc kwanza, ndipo aanze tena kuruka.