Kori gassi nyumbani: tui linalokatika, masala chungu na rangi isiyokolea

SWALI: Mpishi, hujambo? Jirani yetu, mama ambaye ukoo wake ni wa Mangalore huko India, alituletea bakuli la kori gassi, yaani mchuzi wa kuku wa nazi, siku ya sikukuu, na tangu hapo watoto wananidai niwapikie. Nakaanga viungo vyote pamoja kwenye kikaango kikavu: pilipili kavu, giligilani, bizari nyembamba, uwatu na pilipili manga. Nasaga kwenye blenda, namimina juu ya kuku, natia tui zito, nafunika na kuchemsha mpaka kuku aive, halafu namalizia na ukwaju. Kila mara mchuzi unakatika, unabaki na chembe nyeupe zinazoelea kwenye maji. Unaacha uchungu mdomoni, na rangi yake ni ya udongo wakati wa jirani ulikuwa mwekundu. Nakosea wapi? (Msomaji, Upanga, Dar es Salaam)

JIBU: Dada yangu, viungo ulivyotaja ndivyo hasa vinavyotakiwa. Kinachokuangusha ni mpangilio: nini kinatangulia, nini kinafuata, na kila kimoja kinapewa moto kiasi gani.

Nianze na tui. Tui ni vitone vya mafuta vilivyotawanyika ndani ya maji, na kinachovizuia visiungane ni protini za nazi zinazovizunguka. Joto likipanda kupita takriban nyuzijoto 80, protini hizo huanza kugandamana na kuyaachia mafuta. Asidi nayo huzigandisha, na ukwaju una asidi nyingi. Tui lako zito limechemka chini ya kifuniko muda wote ambao kuku alikuwa akiiva, halafu likamwagiwa ukwaju likiwa bado linatokota. Hapo hakuna tui linalopona.

Huko Tulu Nadu, ukanda wa pwani ya Karnataka wenye miji ya Mangalore na Udupi, nazi huingia sufuriani kwa awamu. Nyingine hukunwa, ikakaangwa na kusagwa. Tui la pili, lile jepesi, ndilo linalomchemsha kuku. Tui la kwanza huja mwisho kabisa, moto ukiwa umeshushwa, na baada ya hapo mchuzi hautokoti tena. Ukiona mvuke na vipovu vidogo pembeni mwa sufuria, inatosha. Usifunike. Wewe unayepika samaki wa nazi unajua kukamua tui la kwanza na la pili, basi mazoea yale yale yalete huku.

Ukwaju usagwe pamoja na masala, kipande cha ukubwa wa gololi, ili ukaangike na kuenea kabla tui zito halijafika. Anayetaka uchachu zaidi akamulie limau kwenye sahani yake.

Hata hivyo, usiogope mafuta mekundu yanayoelea juu. Gassi nzuri huwa nayo, na yanaonyesha kwamba masala imekaangwa ikaiva. Tui lililokatika utalijua kwa zile chembe nyeupe na maji yaliyojitenga. Nimeona watu wakikoroga kwa nguvu ili wayafukuze mafuta mazuri, au wakiongeza unga wa mahindi uliokorogwa, na ladha yote ikapooza.

Sasa uchungu. Mshukiwa wa kwanza ni uwatu. Mbegu za giligilani zinahitaji kama dakika 3 au 4 kwenye moto mdogo mpaka zitoe harufu. Bizari nyembamba haifiki hata dakika moja. Uwatu ni sekunde tu: ukishakuwa na rangi ya dhahabu uondoe, maana ukigeuka kahawia nyekundu tayari ni dawa. Ukivitia vyote pamoja na kusubiri giligilani inukie, uwatu umeshaungua zamani. Kaanga kila kimoja peke yake, na kila kinachoiva kimwage kwenye sahani baridi, kwa sababu kikaango huendelea kuchoma hata moto ukizimwa. Kipimo chake nacho ni kidogo: robo kijiko cha chai kwa kuku mzima.

Mshukiwa wa pili ni pilipili yenyewe. Idondoshee mafuta kidogo ya nazi, igeuzegeuze mpaka ivimbe na kung'aa. Ikipata madoa meusi, itoe. Na ukionja masala ukaikuta chungu, imwage uanze upya kabla hujamgusa kuku. Sukari haitibu uchungu wa kuungua, na kijiko cha viungo ni rahisi kuliko kuku.

Kuhusu rangi, wenyewe hutumia pilipili ya Byadgi, inayoitwa kwa jina la mji mmoja wa wilaya ya Haveri huko Karnataka. Ni ndefu, ina mikunjo, ukali wake ni mdogo na wekundu wake ni mwingi, ndiyo maana wanaweza kutia kumi au zaidi na bado mtoto akala. Pilipili kichaa zetu haziwezi kushika nafasi hiyo kwa idadi ile. Utawaunguza watu na mchuzi ubaki umepauka. Ukiikosa Byadgi, uliza pilipili ya Kashmir kwenye maduka ya viungo ya Kisutu, au Marikiti kwa walioko Mombasa. Paprika nzuri na pilipili kali moja pia hufaa.

Lakini hata Byadgi halisi haitakupa rangi ukiitia kwenye maji. Wekundu wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta. Masala iliyosagwa lazima ikaangwe kwanza, moto wa wastani, ukikoroga mpaka harufu mbichi ya kitunguu saumu iishe na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Kwa sufuria ya nyumbani ni kama dakika 8 hadi 10. Hii ndiyo hatua uliyoiruka, na kwangu ndiyo moyo wa mchuzi wote.

Kwa kuku wa kilo moja na robo, aliyekatwa pamoja na mifupa yake, chukua Byadgi 12, giligilani vijiko 2 vya chakula, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai na ile robo ya uwatu. Vikishakaangwa, visage na punje 6 za kitunguu saumu, manjano nusu kijiko cha chai, ukwaju na maji kidogo sana, mpaka ukisugua kati ya vidole husikii mchanga. Kando, kaanga nusu nazi iliyokunwa pamoja na kitunguu maji kimoja mpaka nazi ianze tu kubadilika rangi, uisage nayo. Ile nusu ya pili kamua tui la kwanza na la pili, usiyachanganye.

Kaanga kitunguu kingine kwa mafuta ya nazi au samli, tia majani ya mchuzi, kisha masala ya pilipili kama nilivyoeleza. Mtie kuku na chumvi, mgeuze mpaka avikwe vizuri, ndipo umimine tui jepesi. Kuku wa kisasa huiva kwa nusu saa hivi. Wa kienyeji mchemshe kwanza peke yake na chumvi na manjano mpaka akaribie kulainika, vinginevyo masala itachoka ikimsubiri. Akishaiva, tia nazi iliyosagwa, acha ichemke dakika 5, shusha moto, ndipo tui zito. Mimi sitii garam masala humu. Mdalasini na karafuu huifunika harufu ya giligilani na nazi iliyokaangwa, na ndiyo harufu uliyoisikia kwenye bakuli la jirani.

Wenyewe huila na kori rotti, mikate mikavu ya mchele iliyo myembamba na yenye kuvunjika, wakimwagia mchuzi juu wakati wa kula. Muulize jirani kama anayo. Asipokuwa nayo, pika neer dosa: loweka mchele saa 4 au zaidi, usage laini kabisa, tia chumvi na maji mpaka uwe mwepesi wa kumiminika, mimina kwenye kikaango chenye moto mkali, funika, na usigeuze. Wali mweupe nao unakubali. Kesho yake masala huwa imemwingia kuku zaidi, basi kiporo kipashe moto taratibu bila kifuniko, na kama kimekuwa kizito ongeza maji ya moto kidogo.