Macho Mazima, Lakini Haoni

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 70, tunaishi naye Pasua, Moshi. Wiki mbili zilizopita alianguka ghafla. Tangu hapo anagonga meza na kumimina chai nje ya kikombe, lakini ukimuuliza anasema anaona vizuri. Juzi kasifia gauni langu jekundu, nami nilivaa la bluu. Nyumbani wanasema ni ukaidi wa uzee. Je, ni macho au ni akili?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Mama si mkaidi wala hadanganyi. Dalili hizi zinaelekea kwenye kiharusi kilichopiga ubongo upande wa kisogoni, ambako picha kutoka macho yote mawili husomwa. Pakiharibika kulia na kushoto, mtu haoni ingawa macho ni mazima. Wachache hawatambui kabisa kwamba hawaoni; ubongo hujaza pengo kwa picha za kubuni, ndipo linapotokea gauni jekundu. Gabriel Anton, daktari wa Austria, aliieleza hali hii mwaka 1899.

Mmulike tochi jichoni: mboni itasinyaa kama kawaida, kwa sababu njia inayoiamuru haifiki kisogoni. Kwa hiyo anayepima mboni peke yake atawaambia hakuna tatizo. Kisha simama mita moja mbele yake, kimya, unyooshe vidole na kumuuliza ni vingapi. Badilisha idadi, rudia mara tano. Akikosea huku anajibu kwa uhakika, mpelekeni hospitali leo hii, mkianzia Mawenzi au KCMC. Anahitaji picha ya CT ya kichwa, kipimo cha presha na sukari, na moyo usikilizwe, maana moyo unaopiga ovyo hurusha mabonge ya damu hadi ubongoni. Msimpe aspirini kabla ya picha; kama damu imevuja ubongoni, mtaiongeza.

Msibishane naye. Jiko la mkaa na chupa ya chai viwe mbali naye, fanicha zisihamishwe, na asitoke peke yake.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili, hapa Ngaramtoni, aliamka haoni kabisa. Daktari wa macho kasema macho ni mazima. Anaigiza?

JIBU: Usimwite mwongo, mzazi mwenzetu, na fimbo isiguswe. Msongo mkubwa wa mawazo unaweza kuzima uoni bila mtoto kukusudia. Ila kwanza uliza kama macho yanauma akiyazungusha, kama rangi nyekundu ilianza kufifia, au kama alimeza kwinini nyingi. Hayo ni ya hospitali mara moja. Daktari anaweza pia kuinamisha kioo kikubwa huku na huku mbele yake: macho yakifuata kioo, uoni upo. Kipimo hicho si cha kumuumbua. Mwambieni kwa upole kwamba macho yake ni mazima na ataona tena, kwani watoto wengi wa hali hii hupona. Wakati huohuo mshauri nasaha azungumze naye faraghani, bila wewe wala mwalimu kuwapo, kuhusu shule, bweni na nyumbani.