Kompyuta Nne, Ruta Moja na Ukuta wa Mawe: Maswali na Majibu

*Asalaam alaikum mafundi. Nyumba yetu Mkomani, Lamu, ni ya mawe, ghorofa mbili. Ruta iko chini, sabuleni. Watoto wana kompyuta juu na waifai hawaipati ila wakisogea dirishani. Ninunue ruta yenye antena nyingi?*

Waalaikum salaam, mama. Pesa hizo ziweke. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita haujali antena ni mbili au sita. Mawimbi ya gigahezi 5 hufia humo humo. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, lakini yakishavuka kuta mbili huwa hoi. Tena kompyuta nayo lazima iijibu ruta, na antena yake ni ndogo: ruta ikipaza sauti haimsaidii mwenye sauti ya chini kusikika.

Dawa ni waya mmoja hadi juu, na ruta ya pili huko huko (namna ya kuipanga iko kwenye jibu lifuatalo). Msitoboe ukuta, kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kiko wazi toka chini hadi paani, basi waya upande humo ndani ya bomba la plastiki la milimita 20. Chukua waya wa mtandao aina ya Cat6 ya nje, yenye ganda jeusi, kwani ile ya kijivu ya ndani hupasuka ikipigwa jua. Mita 20 kwa kawaida zatosha nyumba kama hiyo, na kila ncha iachiwe mita moja ya akiba. Kikomo cha waya huu ni mita 100. Dukani kwangua unyuzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa: hukatika upesi ukiikunja na kwa masafa marefu hupoteza nguvu. Kama hakuna budi kugusa ukuta wa nje, waulizeni kwanza wahusika wa hifadhi, maana Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001.

*Nilikuwa na ruta kuukuu, nikaichomeka kwenye mpya ili nipate waifai chumba cha nyuma. Sasa kompyuta moja ina intaneti, nyingine haina, kesho yake zinabadilishana. Malindi.*

Una wagawaji wawili wa anwani, yaani namba za kuitambulisha kila kompyuta, katika nyumba moja. Kila ruta inagawa anwani kwa kompyuta (kazi hiyo huitwa DHCP), na kompyuta inayohudumiwa na ruta kuukuu huelekezwa kwenye mlango usio na intaneti. Fanya hivi, na usiruke mpangilio.

Itenge ruta kuukuu, uiunganishe na kompyuta moja kwa waya. Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Badilisha kwanza anwani ya ruta yenyewe: kama ruta mpya ni 192.168.1.1, kuukuu iwe 192.168.1.2, mradi namba hiyo isiwe kati ya zile ambazo ruta mpya inagawa. Hifadhi. Ingia tena kwa anwani mpya, ndipo uzime DHCP. Wengi huzima DHCP kwanza, kompyuta ikakosa anwani, wakajikuta wamefungiwa nje; hapo hubaki kubonyeza kitufe cha kurudisha upya na kuanza moja.

Sasa chomeka waya unaotoka kwenye ruta mpya katika moja ya matundu ya LAN (ya mtandao wa ndani ya nyumba) ya ruta kuukuu. Tundu la WAN (la kuingizia intaneti toka nje), ambalo aghalabu lina rangi yake peke yake, libaki tupu. Jina la waifai na nywila ziwe zile zile kote, ila chaneli za mawimbi zitofautiane: moja 1, nyingine 6 au 11.

*Kompyuta tano za duka langu zimeunganishwa kwa swichi (kisanduku cha kugawa mtandao) ya matundu 8. Nne zinaonyesha kasi ya 1000, ya tano 100 tu. Vichwa vya waya nilibana mwenyewe.*

Kichwa kimoja hakikushika vizuri, kijana. Kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, ya 1000 hutaka zote nane. Kata vichwa vya ncha zote mbili, ubane upya. Kilimi cha plastiki kikiwa chini na waya ukikuelekea, toka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usisokotoe nyuzi zaidi ya sentimita moja na kidogo. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa, la sivyo siku waya ukivutwa nyuzi zinachomoka.

*Nikilipia megabiti 10, kompyuta nne kila moja inapata 2.5?*

La. Anayevuta zaidi hupata zaidi. Megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, basi sasisho la megabaiti 700 linakula zaidi ya dakika tisa za laini nzima. Panga masasisho yawe usiku.

*Umeme ukikatika tunabaki gizani hata na laptopu zina chaji. Na vichwa vya waya vinaota kutu, tuko karibu na maji.*

Tafuta betri ndogo ya ruta. Soma chini ya ruta: ikiandikwa volti 12 na ampea 1, haitazidi wati 12. Betri ya wati-saa 36 itaishikilia saa mbili na nusu hivi. Kisanduku cha faiba, kama kiko peke yake, nacho kinataka umeme wake. Kukisahau ndiko kunakowafanya watu walaumu betri.

Kutu huletwa na hewa ya chumvi. Nunua vichwa vilivyopakwa dhahabu, ruta isikae kwenye dirisha la upande wa bahari, na matundu yasiyotumika yazibe kwa vizibo vya plastiki. Zima, chomoa, pangusa kwa spiriti, acha ikauke kabla ya kurudisha. Kichwa chenye ukijani usikisugue. Kikate, ubane kipya.